Joho Lisilokauka

Pindo la joho lilikuwa limelowa.

Burul alilibana kwa vidole, kisha akavinusa. Maji ya mto. Hayakuwa maji ya bomba, ambayo katika mji ule yananuka kutu, wala theluji iliyoyeyuka, maana joho lenyewe halikuwa limetoka nje tangu liingie. Alikuwa amelitundika kwenye kigingi karibu na jiko la makaa, pale pale ambapo soksi za marehemu mumewe zilikuwa zikikauka kabla chai haijachemka. Alilikamua. Yakadondoka matone machache na punje ya mchanga mweusi.

Akajiambia ni mvuke wa sufuria. Mtu mzima akiamua kudanganyika hakosi sababu.

Joho hilo alivishwa na Esenkul, siku hospitali ya wilaya ilipopokea mtambo wa oksijeni. Lilikuwa joho zuri la mahameli ya buluu, limetariziwa pembe za kondoo dume kwa uzi wa dhahabu, la aina wanayovishwa wazee wa heshima na wageni kutoka wizarani. Na Esenkul ni nani? Katika wilaya ile ilikuwa rahisi zaidi kuuliza ni nini kisicho cha Esenkul. Shule ziliota moto wa makaa yake. Wagonjwa walikula mkate wake. Magari ya polisi yalitembea kwa tairi zake, na hakimu alikalia kiti alichouziwa na yeye kwa bei ya ng'ombe. Zabuni zilitangazwa, ndiyo, kila kitu kwa sheria. Ila masharti yake yaliandikwa ofisini kwa Esenkul, na yule mfanyabiashara wa mjini aliyethubutu kuleta bei nafuu aliondolewa kwa kosa la kupiga muhuri upande wa kushoto wa karatasi. Sasa mtu kama huyo unamshitaki wapi, na kesi unaipeleka kwa nani, ukakalie kiti gani?

Burul alikuwa muuguzi mkuu, na kwa hiyo mjumbe wa kamati ya mapokezi. Siku ile aliuzunguka mtambo. Rangi yake ilikuwa mpya kiasi cha kunata kwenye vidole. Lakini chini ya parafujo moja, pale brashi iliposhindwa kufika, aliona rangi nyingine iliyochakaa, na pembeni matundu manne ya kibao kilichong'olewa. Mtambo ukawashwa, ukanguruma, mshale ukapanda. Burul akainama, akaweka uso kwenye bomba. Hewa iliyotoka ilinuka tope.

Aliinuka. Akavuta pumzi aseme.

Na ndipo joho likamtua mabegani, zito na lenye joto, mikono ya Esenkul ikimpapasa kama mtu anayemtuliza farasi. "Vaa, dada yangu Burul. Wewe ndiye mama wa hospitali hii. Tukikusahau wewe, tutamkumbuka nani?"

Watu wakapiga makofi. Kwa watu wale, kumrudishia mtu joho alilokuvisha ni sawa na kumtemea mate mlangoni kwake. Hata adui akikuvisha, unainamisha kichwa na kushukuru. Burul akainamisha kichwa. Ile pumzi akaimeza. Akaweka sahihi.

Walipobaki wawili ukumbini, alimsogelea mganga mkuu.

"Daktari, ule mtambo si mpya."

"Najua."

"Unajua, halafu?"

"Halafu nini, dada?" Mganga mkuu aliongea huku akitazama mlango. "Alipotuuzia lile jenereta bovu niliandika barua makao makuu. Unajua ilirudi kwa njia gani? Esenkul aliniletea mwenyewe, ameikunja vizuri. Akaniambia, kaka, uliangusha hii. Tukanywa chai."

"Na mitungi yetu ya zamani?"

"Imeuzwa chuma chakavu. Umebaki mmoja, ule wa wodi ya wazazi. Usiniulize nani aliinunua."

*

Wazee wa pale huwakataza watu kulala jua linapozama. Wanasema saa ile milango ya nyumba inakuwa ya kila mtu. Burul aliyajua hayo tangu utotoni, lakini siku moja alitoka zamu hoi, akakaa kitandani kuvua viatu, na usingizi ukampitia akiwa ameinama vile vile.

Aliamshwa na mtu aliyevuta pumzi.

Ilikuwa pumzi ndefu, ya kujaza kifua, kama ya mtu aliyesimama nyuma ya bega lako akijiandaa kukwambia jambo. Burul akangoja aishushe. Haikushushwa. Chumba kilikuwa cha kijivu, jiko limezima, vioo vya dirisha vimefunikwa ukungu kwa ndani ingawa birika lilikuwa baridi, na kutoka upande wa kigingi ikaja harufu ya mawe ya mtoni yaliyopinduliwa, harufu ya chini kabisa pasipofika jua, na alipogeuza macho bila kugeuza kichwa aliona joho limejaa, limefutuka kifuani kama kwamba ndani yake kuna mtu aliyebana pumzi, na pindo lake linadondosha maji, tone, kisha tone, kwenye sakafu aliyoipiga deki asubuhi kwa mikono yake mwenyewe.

Kisha likanywea. Likawa joho tu.

Kila mwanamke wa milima ile analijua jina lililomjia Burul kichwani, ingawa hakulitamka. Albarsti. Jini wa mtoni, mwenye nywele ndefu zisizokauka. Hataki dhahabu wala damu. Anawawinda wazazi. Mwanamke akiwa katika uchungu, albarsti humtoa mapafu na kukimbia nayo mtoni, na akishayatumbukiza majini, basi. Ndiyo maana mzazi haachwi peke yake hata dakika moja.

Na Saikal, binti yake wa pekee, aliyeolewa upande wa pili wa mji, alikuwa na mimba ya miezi minane.

Kesho yake Burul alilipiga joho pasi ya moto mkali hadi likafuka. Pasi ikaacha alama ya kahawia chini ya ukosi, umbo la jani. Kufika alasiri, pindo lilikuwa limelowa tena. Akafanya basi jambo ambalo mwanamke yeyote wa pale angefanya. Majoho hutembea. Unavishwa harusini, unalikunja, unamvisha mwingine kwenye tohara, naye analipeleka arobaini; joho moja linaweza kuzunguka wilaya nzima na kurudi bila kuvaliwa hata mara tano. Mwisho wa wiki kulikuwa na harusi. Burul akalikunja, akamvisha mjomba wa bwana harusi, mzee asiyemjua vizuri, wa kijiji cha mbali. Mzee akambariki. Watu wakasema, Burul ana mkono mwepesi wa kutoa.

Siku zile alilala vizuri. Tusimwonee, wangapi wetu hatujalala vizuri tulipojua ubaya umehamia kwa wengine?

*

Alipokwenda kumtazama Saikal, mkwe mwenzake Kalipa alimpokea kwa maandazi na siagi na maneno mengi kama kawaida.

"Karibu, mkwe, karibu. Umenona, au ni koti? Kaa juu huku. Hebu kwanza utazame heshima niliyoipata, maana wewe peke yako ndiye uliyekuwa unavishwa majoho katika mji huu."

Lilikuwa kwenye kigingi, buluu, pembe za dhahabu. Burul alisimama, akaligeuza ukosi. Alama ya jani ilikuwa pale.

"Nani kakupa hili?"

"Binamu yangu, kwenye tohara. Yeye kalipata kwa mzee fulani. Mbona umepauka? Wivu huo, mkwe."

Saikal alikuwa ameegemea mito, ameshika mgongo. Alikuwa na uso mwembamba, na tangu utoto akiogopa hucheka kwanza. "Mama," alisema kwa sauti ya chini Kalipa alipotoka kuongeza kuni, huku akicheka kidogo. "Humu ndani kuna mtu anataka kusema kitu. Kila jioni. Anavuta pumzi kama anaanza, halafu hasemi. Mimi namwambia, sema basi. Mama mkwe anasema ni mimba."

Burul aliliomba joho. Aliomba kwa upole, akaomba kwa hila, mwisho akasema kweli nusu, kwamba lina nuksi. Kalipa aliweka chini kikombe.

"Unataka kunivua joho nyumbani kwangu? Nitalivaa siku mjukuu akizaliwa, nikuone."

Palikuwa na mtu mmoja tu wa kumwendea. Omurzak alikuwa mfukuzaji, kama baba yake, mtu anayewaona albarsti na kuwashika nywele. Ila ufukuzaji haulishi watoto siku hizi, kwa hiyo alikuwa na kibanda cha kuziba tairi karibu na daraja. Alimsikiliza Burul bila kuinuka, mikono ndani ya beseni la maji, akitafuta tundu kwenye mpira.

"Tulichome?" Burul aliuliza.

"Utachoma kitambaa. Yeye yumo katika kile ulichokipokea pamoja nacho." Alifuta mikono. "Wengi wanaingia nyumba kwa wizi, dada. Hao nawakemea tu, wanakimbia. Huyu kapita mlangoni, kapigiwa makofi. Dawa yake ni fupi. Simama mbele ya watu, sema joho lilikuwa la nini, aliyekuvisha akisikia. Atatoka."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Hizo tairi unazoziba ni za nani?"

Omurzak alitazama rundo la tairi, akacheka bila furaha. "Za Esenkul. Hata kibanda ni chake."

"Basi unaelewa."

"Naelewa. Siku ikifika niite. Lakini naelewa."

*

Siku ilifika mapema, theluji imefunga njia ya mlimani, ile ya kwenda hospitali kubwa. Saikal aliletwa alasiri kwa gari la jirani. Chumba cha uzazi kilikuwa na vitanda viwili. Cha dirishani alilala Uulkan, mke wa mchunga kondoo, ameteremshwa tangu asubuhi kutoka zizi la baridi kwa kigari cha kuteleza. Mtoto wake alikuwa ameshatoka salama, lakini yeye alivuja damu sana na pumzi yake ilikuwa fupi. Hakuwa na ndugu. Mumewe alirudi juu kwa kondoo, kwani usipowafungia, mbwa mwitu hawangoji. Uulkan alikuwa anapumulia ule mtungi wa zamani, wa mwisho, uliosimama kando yake kwenye kigari chake cha magurudumu kama mlinzi.

Saikal akapewa bomba la mtambo mpya.

Alijifungua jua likiwa juu ya ukingo wa mlima. Mtoto wa kike, akalia. Burul alikuwa anakata kitovu wakati macho ya binti yake yalipopinduka na mwili wote ukaanza kutetemeka, meno yakisagana, midomo ikiiva rangi ya zambarau. Akambana bomba usoni. Mtambo ulinguruma nyuma ya ukuta, mshale ukiwa umesimama vizuri kabisa pale unapotakiwa. Ndani ya barakoa hakukuja kitu isipokuwa harufu ya tope.

Mlango ukafunguliwa. Kalipa aliingia akitabasamu, mikono imefunguka, amevaa joho. Nyuma yake, sakafu ya ukumbi mzima ilikuwa na mstari wa maji.

Omurzak, aliyekuwa ameitwa na kuketi kwenye benchi la nje, aliingia akimsukuma Kalipa kando bila salamu, akafika kitandani, akanyoosha mkono juu ya kifua cha Saikal na kukamata kitu ambacho hakikuwepo, akakizungusha mkononi mara kwa mara kama mtu anavyozungusha nywele ndefu zilizolowa, na Burul, aliyekuwa amemkumbatia binti yake asianguke, akaona maji yanachuruzika kutoka kiwiko cha mfukuzaji, maji yasiyotoka popote, na akasikia chumba kizima kikivuta pumzi, kuta na mapazia na vyuma vya kitanda, pumzi ile ile ndefu ya mtu anayetaka kusema, ikipanda, ikipanda, bila kufika mahali pa kushukia.

"Yarudishe mapafu," Omurzak alinong'ona. Hakuwa anaongea na Burul.

"Anasema nini?"

"Anasema hakuiba. Anasema alikaribishwa."

"Mwambie amwachie mwanangu."

"Nimemwambia." Mishipa ya shingo ilimsimama. "Anasema sawa. Ila hatoki mikono mitupu. Anasema vitanda ni viwili na hewa ni moja." Alimgeukia Burul, na macho yake yalikuwa yanamsihi. "Dada, sema lile neno. Watu wapo. Mganga mkuu yule pale mlangoni, Esenkul atasikia kwake. Sema nimtoe kwa wote wawili. Siwezi kumshika muda mrefu."

Burul alimtazama mganga mkuu. Mganga mkuu alitikisa kichwa, kidogo sana, kama anayefukuza nzi.

Akavuta pumzi. Alitaka kusema. Hilo lazima lisemwe kwa haki yake: alitaka. Lakini neno lilikuwa mbali, upande wa pili wa kazi yake na nyumba yake na jina lake, na mtungi ulikuwa karibu, hatua mbili tu, na una magurudumu.

Uulkan alimwona anakuja. Alidhani muuguzi mkuu anakuja kumrekebishia. Akainua kichwa kidogo juu ya mto wa kitanda, kwa shida, ili mpira upite kirahisi nyuma ya masikio.

"Asante, dada," alisema.

Saikal alipata rangi kabla mishumaa ya jua haijazimika kwenye vioo. Omurzak aliachia mkono, akakaa sakafuni, akafunika uso. Hakuna aliyeona kitu kikivuka chumba. Ila pazia la dirishani liliinuka taratibu, na walipolitazama tena lilikuwa limelowa, na Uulkan alikuwa amenyamaza.

*

Walimzika juu, kwenye malisho. Hema la sufu lilisimamishwa, wanawake wakaketi ndani wakimlilia, wanaume wakasimama nje wameegemea fimbo. Esenkul alituma kondoo wawili na magunia ya unga, kisha akaja mwenyewe, na wazee walimwombea dua ndefu kwa moyo wake wa kutoa. Mganga mkuu alikuja naye katika gari moja.

Burul alikuja kwa sababu kutokuja kungeonekana. Saikal alikuwa nyumbani, ananyonyesha. Joho la buluu halikuwa tena kwa Kalipa. Alishalikunja na kulipeleka kwenye harusi fulani, na hakuulizwa harusi gani.

Baada ya mazishi, nguo za marehemu zikagawiwa kama desturi. Mume wa Uulkan, kijana mrefu mwenye midomo iliyopasuka kwa baridi, alipita katikati ya watu akiwa amebeba koti la mahameli nyekundu. Mama yake alimfuata na kile kichanga kilichovikwa ngozi ya mwanakondoo. Akasimama mbele ya Burul.

"Nimeambiwa ulikuwa naye hadi mwisho," alisema. "Alilishona mwenyewe hili, alitaka kulivaa arobaini ya mtoto. Hana dada. Vaa wewe."

"Mpe mtu mwingine, mdogo wangu."

"Usinikatalie, dada. Nina nini kingine?"

Akamvisha. Koti lilikuwa jepesi, limekauka, lina harufu ya moshi na ya maziwa. Akamfunga vifungo kimoja kimoja kwa vidole vinene visivyozoea, kama anavyofungwa mtoto anayepelekwa shule, kisha akarudi nyuma, na watu wote wakanyamaza kungoja baraka, maana anayevishwa hutakiwa kusema neno. Esenkul alikuwa mbele kabisa, kofia mkononi. Mganga mkuu alikuwa anatazama viatu vyake. Omurzak, kule nyuma, aliinua kichwa.

Burul akavuta pumzi.

Ilikuwa ndefu, ya kujaza kifua, na kila mtu uwanjani aliisikia. Aliisikia na yeye mwenyewe, akaitambua. Ndiyo iliyokuwa nyumbani kwake saa za magharibi. Ndiyo aliyoisikia Saikal. Ilikuwa yake tangu mwanzo.

Wakangoja aishushe. Kichanga kililia, kikanyamazishwa. Mfiwa yule alimtazama usoni, kwa upole, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayemsubiri mwenzake aliyelemewa na machozi.

Wakaendelea kungoja, na pindo la koti jekundu, ambalo halikuwa limegusa theluji, likaanza kuwa zito.